Bajeti finyu: panga tarehe kwanza, kisha tafuta wa kushikana naye

Kwa miaka miwili nilibana matumizi bila kuona faida yake. Nilizima taa mapema, nilirudi nyumbani kwa miguu, sabuni niliikamua hadi tone la mwisho, na bado kila mwisho wa mwezi nilikuwa mlangoni kwa mtu naomba. Siku moja nilikaa na karatasi, nikagundua jambo la kuona haya: pesa yangu ilikuwa inatosha. Kwa tabu, lakini ilitosha. Ila kodi ya nyumba ilidaiwa tarehe 1 na mshahara uliingia tarehe 5. Siku hizo nne nilizivuka kwa mkopo wa riba, mwezi baada ya mwezi.

Tuhesabu mapato ya mwezi kama sehemu 100, kila mtu aweke fedha yake. Nilikuwa nakopa sehemu 20 kwa riba ya asilimia 10. Riba hiyo ni sehemu 2 kila mwezi, unaweza kuidharau. Kwa mwaka ni sehemu 24, yaani kubwa kuliko mkopo wenyewe, karibu robo ya mshahara mmoja. Taa zote nilizozima zilikuwa zinalipia siku nne.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya vitu vya kuacha kununua. Kaya yenye kipato kidogo ina matatizo mawili yanayofanana sura: pesa kuwa pungufu, na pesa kuja siku isiyo yake. La kwanza hutibiwa kwa kubana. La pili, mara nyingi, hutibiwa na watu.

Hatua ya 1: Daftari la siku 30

Tundika daftari jikoni, kalamu ifungwe kwa kamba ili isitembee. Kila anayetoa pesa ya nyumba anaandika tarehe, kitu na kiasi. Basi. Usianze kukemea mtu kwa alichoandika, maana ukikemea mara moja tu, kuanzia kesho yake daftari litaandikwa uongo. Wiki ya kwanza watu hudanganya hata bila kukemewa. Mimi mwenyewe nilificha vitafunio vya njiani, kana kwamba daftari lingenisema kwa jirani.

Siku ya 30 jumlisha kwa mafungu: makazi, chakula, nauli, nishati na maji, dawa, watoto, madeni, misaada kwa ndugu, na "sijui". Fungu la "sijui" ndilo la kwanza kushughulikiwa. Likizidi sehemu 5, rudia mwezi mwingine kabla ya kupanga chochote.

Hatua ya 2: Mstari wa tarehe

Chora mstari mrefu wenye namba 1 hadi 31. Juu ya mstari andika pesa zinazoingia, chini andika zinazotoka. Utaona mabonde: siku ambazo chini kumejaa na juu ni patupu. Hayo mabonde ndiyo yanayokupeleka kwa mkopeshaji.

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, jaribu kusogeza tarehe. Wenye nyumba wengi hawajali kama kodi italipwa tarehe 1 au 6, mradi iwe tarehe hiyohiyo kila mwezi na waambiwe mapema. Hali kadhalika ada na malipo ya awamu. Omba ukiwa huna deni. Ukiomba baada ya kuchelewa, hilo si ombi tena, ni utetezi.

Kama kipato chako hakina tarehe maalumu, vibarua au biashara ndogo, angalia miezi 6 iliyopita na upange kwa kutumia mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote. Ziada ya miezi mizuri iwekwe kando kufunika mabonde. Najua inauma kuishi kama mwezi mbaya katika mwezi mzuri.

Halafu kuna gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka: sare, bima, ada, safari ya kwenda kuona wazazi. Watu huziita dharura, ingawa tarehe zake zinajulikana tangu mwaka jana. Zijumlishe zote, gawa kwa 12, kiasi hicho kitolewe kila mwezi.

Hatua ya 3: Mwezi hauna wiki nne

Hili lilinichukua muda mrefu kuliona. Tuseme chakula kimetengewa sehemu 40. Wengi wetu tunagawa kwa 4, tunapata sehemu 10 kwa wiki, tunaridhika. Wiki nne ni siku 28. Siku ya 29, 30 na 31 hazina bajeti. Kwa mwaka umepanga siku 336 kati ya 365. Siku 29 zimebaki bila chakula kwenye hesabu, karibu mwezi mzima! Halafu tunashangaa kwa nini tarehe 29 ni ya kukopa.

Gawa kwa idadi ya siku za mwezi, kisha zidisha kwa 7. Sehemu 40 kwa mwezi wa siku 30 ni kama sehemu 9 na theluthi kwa wiki. Tia kila wiki kwenye bahasha yake, na bahasha ndogo ya tano kwa siku zilizobaki. Ukichungulia bahasha ya wiki ijayo, andika kwenye daftari kwamba umechungulia.

Hatua ya 4: Jikoni

Hapa ndipo penye nafasi kubwa ya kuokoa, kwa sababu kodi huwezi kuipunguza kwa ujanja lakini sufuria unaweza.

Anza na kilichomo. Kabla ya kwenda kununua, fungua kabati, andika vilivyopo, upange milo ya siku tatu kutokana na hivyo. Orodha ya kununua iwe ya kujazia tu.

Ukifika dukani, linganisha bei ya kilo na si bei ya pakiti. Gawa bei kwa uzito. Mara nyingi pakiti kubwa ni nafuu, lakini si mara zote, na unafuu wake hauna maana kama nusu itaharibika. Kitu kikavu nunua kingi. Kibichi nunua cha siku chache.

Kuhusu moto: funika sufuria, na moto usizidi upana wa kitako chake, kwani unaopanda pembeni unapasha hewa. Nafaka kavu na mikunde iloweke usiku kucha, muda wa kupika utapungua sana. Na kama una kapu na mablanketi ya zamani, una jiko la pili. Chemsha chakula, funika kwa mfuniko unaobana, kitumbukize kwenye kapu lililosheheni nguo nzito pande zote, ukiache saa kadhaa kiive kwa joto lake chenyewe. Ukikitoa, kichemshe tena kabla ya kula, hasa kikiwa kimepoa.

Tahadhari moja ambayo sitaki uiruke: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kwa uchache, na ukitaka usalama zaidi dakika 30, ndipo yaingie kapuni. Yakipikwa kwa joto hafifu tangu mwanzo sumu hiyo haifi, inaweza hata kuzidi.

Kiporo nacho kina masharti. Kisikae nje zaidi ya saa 2. Kipakue kwenye chombo kipana ili kipoe haraka, na ukikipasha kifuke mvuke hadi katikati. Wali na nafaka nyingine zilizopikwa ndizo zenye hatari zaidi, kwa kuwa kuna kijidudu kinachotoa sumu isiyoondoka hata ukipasha. Mlo uliookolewa ukiishia hospitali haukuokolewa.

Hatua ya 5: Umeme na maji, kwa haraka

Balbu ya kizamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga karibu sawa, inakula uniti 1 na kidogo. Anza na taa inayowaka muda mrefu kuliko zote, nyingine zitafuata. Vinavyotoa joto (pasi, hita ya maji, jiko) ndivyo walaji wakubwa. Chaja ya simu isikuumize kichwa.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linapoteza karibu ndoo ya lita 20 kwa siku. Huamini? Kinga ndoo usiku mmoja, asubuhi upime.

Hatua ya 6: Mtu mmoja wa tarehe tofauti

Sasa upande wa watu. Wengi wakisikia kusaidiana wanafikiria kikundi kikubwa chenye mwenyekiti na katiba. Mimi nilianza na mtu mmoja.

Jirani yangu alikuwa analipwa tarehe 25, na kodi yake ni tarehe 10. Nilikwenda kwake jioni moja, nimebeba ule mstari wangu wa tarehe.

"Dada, naomba unisikilize kwanza, kisha useme ndiyo au hapana, yote sawa. Mimi napokea tarehe 5, kodi yangu ni tarehe 1. Ungeniazima sehemu hii tarehe 30, nakurudishia tarehe 6 asubuhi, kabla kodi yako haijafika."

Alichukua karatasi, akaitazama. "Na mimi je? Tarehe 18 huwa nimekauka kabisa."

Kumbe! Tarehe 18 mimi huwa na akiba ya bahasha mbili. Tukakubaliana: yeye ananivusha mwisho wa mwezi, mimi namvusha kuanzia tarehe 18 hadi 25. Bila riba. Tuliandika kwenye karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja akabaki na yake. Usiogope kuandika eti kwa kuwa mnapendana. Kumbukumbu za watu wawili waaminifu hutofautiana, na karatasi ndiyo inayookoa ujirani.

Masharti yetu yalikuwa matatu tu. Kiasi hakizidi kile ambacho mwenye kuazima anaweza kukosa kwa wiki moja bila kulala njaa. Ukiona utachelewa, sema siku mbili kabla. Na hakuna anayemwambia mtu wa tatu.

Kwa hiyo tafuta mtu unayemwamini ambaye mabonde yake hayako mahali pamoja na yako. Mfanyakazi mwenzako anayelipwa siku moja na wewe, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana, hawezi kukusaidia hapa. Mnakauka siku moja.

Hatua ya 7: Kununua kwa pamoja

Gunia la kilo 50 likigawanywa kwa kaya 5 ni kilo 10 kila kaya, kwa bei ya jumla. Ni rahisi kusema. Vinavyoharibu ni vitu vidogo: nani alilipa usafiri, nani alichukua za juu, zile gramu zilizopungua zilikwenda wapi. Pesa zikusanywe zote kabla ya kwenda kununua, usafiri ugawanywe sawa, na upimaji ufanyike wote mkiwepo. Mwenye kupima awe wa mwisho kuchagua fungu lake. Utashangaa jinsi atakavyopima kwa haki.

Wafumaji na mafundi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika Desemba 1844, walishikilia sharti la kuuza kwa fedha taslimu tu, hakuna kukopesha. Ugumu huo una maana yake, kwani mwanachama mmoja akikopeshwa fungu lake, wenzake wanne wamemlipia bila kuulizwa.

Hatua ya 8: Vitu na muda

Ngazi, cherehani, masufuria makubwa, koleo la kunyooshea nyaya, nguo za mtoto aliyekua: kila kaya haihitaji vyake. Sharti moja linatosha, nalo ni kwamba kitu kinarudi kisafi, na kikiharibika mikononi mwako unakitengeneza au unatoa taarifa siku hiyohiyo. Kuazimana hufa kwa ukimya kuliko kwa uharibifu.

Kulea watoto kwa zamu kunaokoa zaidi ya vitu. Kata tiketi za karatasi, kila moja saa moja ya malezi. Ukilea unapokea, ukilelewa unatoa. Hapa kuna somo kutoka Washington, Marekani, ambako miaka ya 1970 kulikuwa na ushirika wa namna hii wa wanandoa wapatao 150. Tiketi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa chache, basi kila familia ikazihifadhi kwa siku ya shida. Wote wakataka kulea, hakuna aliyetaka kutoka, na mpango ukakwama. Walipotoa tiketi zaidi ukaamka. Kwa hiyo mpe kila mmoja tiketi za kutosha tangu siku ya kwanza, angalau saa 10, na anayeondoka arudishe alizoanza nazo.

Hatua ya 9: Upatu, na mfuko wa shida

Haya ni mambo mawili tofauti, na yakichanganywa yanavunja urafiki.

Upatu ni mzunguko. Watu 10 wanatoa sehemu 1 kila mwezi, mmoja anapokea 10. Tazama vizuri kinachotokea: wa kwanza amepata mkopo usio na riba, wa mwisho ameweka akiba isiyo na faida, na waliobaki wako katikati. Hatari iko kwa wa kwanza, maana amekwisha kula na bado ana miezi 9 ya kulipa. Wageni wapokee mwisho. Tarehe ya kutoa iwe siku moja baada ya walio wengi kupokea pesa. Msizidi 12. Na usiingie katika patu mbili kwa wakati mmoja kwa tamaa ya kupokea mara mbili. Utatoa mara mbili pia.

Anayekuja na "upatu" unaoahidi faida ukileta watu 5, nao walete 5, mpe kalamu ahesabu. Raundi ya 15 inahitaji watu zaidi ya bilioni 30. Dunia haina watu hao.

Mfuko wa shida haumrudii mtu kwa zamu. Mnachanga, pesa inakaa, inatoka kwa tukio. Andikeni mapema ni tukio gani: ugonjwa, msiba, kupoteza kazi. Andikeni kama inarudishwa au la. Wekeni kikomo, mathalani theluthi ya kilichomo kwa tukio moja, ili shida ya Jumatatu isimwache wa Jumatano mikono mitupu. Funguo au sahihi ziwe za watu watatu wasio wa nyumba moja.

Hatua ya 10: Fungu la ndugu

Mshahara mdogo una wenyewe wengi, na ndugu hawaulizi tarehe. Dawa niliyoipata ni kulitengea fungu hilo bahasha yake, sehemu 4 au 5, kama nauli. Linapokwisha, limekwisha, na jibu linakuwa rahisi: "Shangazi, fungu la mwezi huu limetoka. Tarehe 6 nitakuwa na la mwezi ujao, nikuandikie wewe wa kwanza?" Si kumkatalia. Ni kumpa tarehe. Usimdhamini mtu kwa deni usiloweza kulilipa wewe mwenyewe, hata akiwa wa tumbo moja.

Kama wewe mwenyewe una madeni ya zamani, yaorodheshe kwa riba na uanze na lenye riba kubwa, mengine ukilipa kiwango cha chini. Wapo wanaoanza na lililo dogo ili wafurahie kufuta jina. Wanalipa zaidi kidogo, lakini kama furaha hiyo ndiyo itakayokufanya usiache njiani, fanya hivyo. Mwenye kukudai mpigie kabla ya tarehe, na umwambie kiasi utakachotoa, si visa vilivyokupata.

Hatua ya 11: Zile sehemu mbili

Mwisho wa kila mwezi kaeni nusu saa nyumbani, daftari katikati. Watoto wanaojua kusoma wasome namba kwa sauti. Angalieni bahasha moja tu iliyopasuka, mjadili hiyo, mfunge.

Kisha kuna jambo la kufanya na riba ambayo hulipi tena. Mimi nilipoacha kukopa, zile sehemu 2 niliendelea kuzitoa kila mwezi kana kwamba mkopeshaji bado yupo, ila nilizitia kwenye bahasha iliyoandikwa "tarehe 1". Baada ya miezi 10 zilifika 20, kiasi kilekile nilichokuwa nakopa. Kuanzia hapo nilijivusha mwenyewe, na tarehe 5 nikairudishia bahasha.

Mwezi wa 11 sikwenda kwa jirani tarehe 30. Tarehe 2 alibisha hodi, amekunja uso, akauliza amenikosea nini. Nilimkaribisha ndani, nikamwonyesha bahasha. Aliihesabu mara mbili, akairudisha mezani, akasema, "Haya. Lakini tarehe 18 bado ipo?"

Ipo, nikamwambia.